Breki Hapumui

Kazini hakuna anayeniita kwa jina langu. Naitwa Breki, na jina hilo nimelitolea jasho. Karakana yetu inapasua mbao, na katikati yake kuna msumeno wa duara, mkubwa kuliko gurudumu la gari dogo, umechomoza kwenye meza ya chuma. Upande mmoja anasimama mtu anayeulisha mbao. Hatua tatu kutoka kwake nimekaa mimi kwenye kigoda kirefu, mkono wa kulia juu ya kitufe chekundu. Mbao ikienda sawa, sina kazi. Mbao ikigoma, ikipinda, au ikinyakuliwa na meno, nabonyeza, umeme unakatika, msumeno unasimama, na kila mtu anarudi nyumbani na vidole alivyokuja navyo. Miaka kumi na moja nimekaa pale. Wapo wanaosema nalipwa kwa kukaa. Waambie waje wakae wao.

Anayeulisha msumeno ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemwingiza kazini, mwaka uleule niliopewa kigoda. Asubuhi aliyoanza, mke wangu alinisimamisha mlangoni, kiatu kimoja nimekivaa, kingine nimekishika, akaniambia, "Mikono ya mdogo wangu nimekukabidhi wewe. Usije ukaniletea pungufu." Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Tangu siku ile kigoda kile kwangu si kiti tu. Nikiugua, naenda na homa yangu, kwa sababu simwamini mtu mwingine na mikono ile.

Sasa niseme jambo moja la karakana yetu, maana bila hilo hamtanielewa. Fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria yake: mbao ikigusa meno, bana pumzi. Siku hizo barakoa hazikuwepo. Mbao inapoumwa mara ya kwanza hutema wingu la unga, ukilivuta utakohoa, na ukikohoa mkono utateleza. Kwa hiyo tulibana. Mlishaji anabana, mtu wa kitufe anabana, hata anayepita na toroli anabana. Mbao ikishatokea upande wa pili, wote tunashusha pumzi kwa pamoja. Baadaye barakoa zikaja, na feni kubwa ya kunyonya vumbi ikaja, lakini mazoea yana taabu. Hakuna aliyekumbuka kutuambia sheria imekwisha.

Basi mwaka huu wakubwa wakaleta utaratibu mpya. Kila anayekaa kwenye kitufe cha kuzimia mashine lazima apimwe kama mkono wake bado ni mwepesi. Atakayeshindwa atahamishiwa ghala la misumari na gundi. Msimamizi alipotusomea tangazo, nilipiga miayo makusudi ili kila mtu aone jinsi lilivyonihusu.

Tulipimwa katika chumba cha huduma ya kwanza. Mpimaji alikuwa binti mdogo tu, koti jeupe limempwaya mabegani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari."

"Mimi si daktari, mzee. Ni mpimaji."

"Mwenye koti jeupe ni daktari. Endelea."

Kwanza alinipa bomba la karatasi nipulize. Nilidhani ni jambo la sekunde moja, kumbe wapi! "Puliza! Puliza! Puliza! Bado, bado, bado, usiache, malizia!" alipiga kelele kana kwamba nasukuma gari. Nilipuliza mpaka nikaona vimulimuli. Akaangalia karatasi yake, akasema mapafu yangu yamechoka kidogo kwa umri na vumbi, lakini kwa kazi yanafaa. Moyoni nikasema, afadhali.

Halafu akaniketisha mbele ya taa ndogo. Taa ikiwaka kijani, nibonyeze kitufe. Haiwaki kwa mpango, mara inakuja haraka, mara inakawia mpaka unadhani imekufa. Itawaka mara ishirini, kisha mashine itatoa wastani. Nikicheka kwa dharau nikaweka mkono pale, nikakaza macho, nikatulia kama ninavyotulia kazini. Taa za mwanzo zilikuwa mchezo. Kufika ya kumi kichwa kikaanza kuwa chepesi. Ya kumi na tano, jasho. Ya ishirini ilipowaka, mkono ulinyanyuka kama wa mtu mwingine, nikavuta hewa kwa nguvu hadi binti akageuka.

"Mzee, uko salama?"

"Chumba chenu kina joto. Nimepata ngapi?"

Akasoma kwenye mashine. "Mia tatu tisini na tano. Hizo ni sehemu za elfu za sekunde. Kiwango cha karakana ni mia tatu na ishirini, na chini ya hapo ni bora zaidi."

Nilidhani ukubwa wa namba ni sifa. Alipokwisha kunieleza kwamba kubwa maana yake ni kuchelewa, damu ilinichemka. Nikailaumu taa, nikakilaumu kitufe, nikalilaumu bomba lake lililonimaliza nguvu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaandika kwamba nitarudi baada ya wiki mbili, na kwamba kwa wiki hizo mbili kitufe kitashikwa na mtu wa mashine ya kuranda. Huyo mtu wa mashine ya kuranda ni mwema, lakini akipigwa na chafya anafumba macho hadi ya tatu ipite. Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo kama pilipili kichaa, na mkali vivyo hivyo.

Mke wangu ni mshonaji. Sebule yetu nusu ni sebule, nusu ni cherehani. Nilipomweleza aliacha kukanyaga, akanitazama juu ya miwani.

"Na mdogo wangu sasa analindwa na nani?"

"Na mtu wa mashine ya kuranda."

"Yule wa chafya?"

"Yuleyule."

Aliinuka akachukua rula yake ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa. Alisema alipokuwa shule walipimana wepesi kwa rula: mmoja anaining'iniza, mwingine anaweka vidole viwili chini yake bila kugusa, ikiachiliwa aidake. Ukiidaka chini, u mwepesi. Ukiidaka juu, u mzito.

Akaining'iniza. Nikatega vidole, nikakaza macho. Akaiachia. Rula ikapita yote, ikagonga sakafu. Tukarudia. Ikagonga sakafu tena. Mara ya sita jirani wa chini akagonga dari yake kutuuliza kulikoni.

"Breki imekatika," mke wangu akasema, na ingawa alikuwa anatania niliona midomo yake haitanii.

Mara ya saba akaanza kuniuliza, rula ikiwa mkononi, kwa nini nimeacha sufuria jikoni bila kuiloweka. Nikamjibu sufuria ile niliikuta vilevile. Akasema si kweli, aliiacha safi. Nikafungua mdomo kumwambia kwamba tangu lini yeye... na rula ikaanguka, nikaidaka. Chini kabisa, karibu na mwanzo. Tulitazamana.

"Rudia," nikasema.

Tukarudia kimya kimya. Sakafuni. Tukarudia tukibishana juu ya rangi ya mapazia. Nikaidaka. Kimya, sakafuni. Ugomvi, mkononi. Mke wangu akaketi chini akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Kumbe dawa yako ni ugomvi! Miaka yote hii nilidhani ni ugonjwa wako."

Basi kwa wiki mbili, kila nikitoka kazini, tulikuwa na mazoezi ya kugombana. Sijui kama nimewahi kuwa na wiki mbili tamu kama zile. Tuligombania mkoromo wangu, chumvi yake, mjomba wake aliyekula keki ya harusi yetu kabla hatujafika, na nani alianza kumtazama mwenzake kwanza. Hilo la mwisho halijaisha mpaka leo. Rula ilianguka na mimi nikaidaka, ikaanguka nikaidaka. Jirani wa chini alikutana na mke wangu ngazini akamshika mkono kwa huruma, akamwambia avumilie, wanaume wote ndivyo walivyo.

Siku ya kupimwa tena niliingia chumbani kama bondia.

"Shikamoo mzee."

"Hicho kiti ulichonipa siku ile kilikuwa kibovu."

"Nikubadilishie?"

"Usinibadilishie! Kwa nini unibadilishie? Unaniona mimi mtu wa kubadilishiwa viti?"

Taa ikawaka, nikabonyeza. Taa ya pili ikanikuta nalalamikia koti lake. Ya tatu ikanikuta kwenye rangi ya ukuta. Binti wa watu alibaki ameshika kalamu, macho yamemtoka.

"Mzee, kuna tatizo?"

"Tatizo ni wewe. Hapana, samahani mwanangu, sina ubaya na wewe hata chembe. Ila lazima nigombane. Nikigombana nakuwa mwepesi. Mke wangu ndiye aliyegundua."

Hakucheka. Wengine wangecheka, yeye aliuangalia mkanda wa karatasi uliokuwa unatoka kwenye mashine, akauvuta karibu. "Hizi ni mia mbili themanini na kitu," alisema taratibu. "Mzee, nakuomba. Taa tano zinazofuata, nyamaza kabisa. Halafu tano nyingine ugombane utakavyo."

Nilinyamaza taa tano. Nilihisi kabisa mkono unavyokuwa mzito. Alikuwa hatazami taa wala mkono wangu, alikuwa anatazama vifungo vya shati langu.

"Mzee," akasema, "ukinyamaza, hupumui."

"Napumua. Ningekuwa sipumui si ningekuwa maiti?"

"Taa ikikawia, hupumui mpaka iwake. Tazama vifungo vyako. Mtu hawezi kugombana bila kupumua, ndiyo maana ukigombana unaweza."

Nilitazama vifungo vyangu. Taa ilikuwa imekawia, na vifungo vilikuwa vimesimama kama vimepigiliwa misumari. Nikamkumbuka marehemu fundi wangu na wingu lake la unga.

Akanieleza kwa lugha ya mtu wa kawaida. Ukibana pumzi, mwili unaanza kudai hewa. Nusu ya akili inalinda taa, nusu inabishana na kifua. Ukirudia mara nyingi mapafu hayapati nafasi ya kutulia, na mkono ndio unaolipa. Alisema watu hawafanani, wapo ambao hawachelewi sana, lakini kwangu mimi karatasi ilikuwa hapo na ilisema yenyewe. Kisha akanipima taa ishirini, nikiwa kimya, navuta na kutoa, navuta na kutoa, kama mtoto anayefundishwa kulala. Mia mbili themanini na nane. Akagonga muhuri. Nimerudishiwa kigoda changu.

Nilimshukuru, nikamwombea mume mwema, akasema anaye, nikamwombea azidi kuwa mwema. Nikafika mlangoni na furaha yangu yote. Hapo mlangoni ndipo miguu ilipogoma.

"Mwanangu," nikasema, "hiyo tofauti. Kati ya kubana na kutobana. Ni kubwa kiasi gani?"

"Mia moja na saba. Ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, mzee. Ni ndogo sana."

"Kwa mbao je?"

Aliniuliza mbao ikinyakuliwa inakwenda mwendo gani. Nikamwambia inategemea. Ikiwa nyepesi inaruka kabisa, ikiwa nzito inakwenda kama mtu anayeharakisha. Akachukua ile nzito, akapiga hesabu kidogo pembeni ya karatasi, kisha akachora mstari kwa rula na kunisogezea. Mstari huo ndio mwendo wa mbao katika muda ambao mimi nilikuwa nimechelewa. Sijui kwa nini niliuwekea mkono juu. Ulianzia kwenye kifundo cha mkono wangu ukaishia karibu na ukucha wa kidole cha kati.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku zote nilizowahi kuogopa, na hatari yenyewe ilikuwa imeshapita. Miaka kumi na moja nimejigamba kwamba mikono ya shemeji yangu iko salama, kumbe kila mbao ilipoumwa, pale pale panapohitaji mtu, mimi nilikuwa nimechelewa kwa urefu wa mkono mzima. Mungu ndiye aliyekuwa anakaa kwenye kile kigoda.

Ningeweza kunyamaza. Muhuri ninao, kigoda ninacho, na siri ilikuwa ya watu wawili tu. Mke wangu usiku huo alifurahi, akaniuliza mbona sigombani. Nikamwambia nimechoka.

Asubuhi nilimkuta shemeji nyuma ya karakana, amekaa juu ya rundo la mbao, kikombe cha chai mkononi. Ni mtu mpana, mwenye sauti, wa kupiga mluzi na kuwatania wapishi wa kantini. Hajawahi kuonyesha kwamba ule msumeno kwake ni kitu zaidi ya kisu cha mkate.

"Breki! Umerudi! Yule wa chafya ameniua nusu."

"Shemeji, nina neno."

Akaweka kikombe chini. "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Sikiliza." Nikamweleza yote, taa, vifungo, pumzi. Nikatoa ile karatasi nikamwonyesha mstari. Naye akafanya kama nilivyofanya mimi, akauwekea mkono. Aliutazama muda mrefu. "Sasa nimejua, sibani tena," nikamwambia. "Lakini haki yako ni kujua. Mikono ni yako. Ukitaka kitufe kikae na mtu mwingine, sema. Nitakwenda ghalani, na sitakuwekea kinyongo."

Sijawahi kumsubiri mtu anijibu namna ile, hata dada yake siku niliyomposa.

"Mimi pia nabana," akasema mwishowe.

"Najua. Sote tulifundishwa. Ule unga..."

"Unga gani, shemeji? Barakoa ninayo." Aliikunja ile karatasi ikawa ndogo, kisha ndogo zaidi. "Mimi nabana kwa kuogopa. Tangu siku ya kwanza. Kila mbao. Nilidhani nikipumua utaona kifua kinavyonidunda, umwambie dada kwamba mdogo wake ni mwoga."

Nilitaka kucheka, nikataka kumkumbatia, nikajikuta sifanyi lolote. Miaka kumi na moja tumekaa hatua tatu, kila mmoja amebana pumzi akimtegemea mwenzake.

"Ghalani huendi," akasema, akainuka na kukung'uta suruali. "Akae nani pale, yule wa chafya? Ila tufanye hivi. Mimi nitaangalia mbao. Wewe usiangalie mbao peke yake, niangalie na mimi. Ukiona sipumui, zima."

"Nizime msumeno?"

"Zima. Mtu aliyebana pumzi kwa woga hafai kusogelea meno yale. Nimejua siku nyingi, sikuwa na wa kumwambia."

Tukaingia. Tukavaa barakoa, miwani, vizibo vya masikio. Msumeno ukawashwa, sakafu ikaanza kutetemeka kama kawaida yake. Nikaweka mkono juu ya kitufe, nikavuta hewa, nikaitoa. Shemeji akainua mbao ya kwanza, akailaza mezani, akaisukuma. Mbao ilikuwa nzuri, imenyooka, haina hata kifundo. Lakini mabega ya shemeji yalikuwa yamesimama.

Nikabonyeza.

Karakana nzima iligeuka. Msimamizi akaja mbio kutoka ofisini kwake. "Kuna nini? Mbao imenasa?"

"Hapana."

"Sasa umezimia nini?"

"Hapumui."

Msimamizi alimtazama shemeji, ambaye wakati huo alikuwa anahema na kucheka ndani ya barakoa. Akanitazama mimi. Akaitazama karatasi yangu ya kupimwa yenye muhuri, iliyobandikwa ukutani asubuhi ileile, akaona hana pa kunishikia, akarudi ofisini akitikisa kichwa.

Tulianza upya. Mbao ya pili nikazima tena. Ya tatu, vilevile. Watu wa toroli wakaanza kuhesabu kwa sauti kila nikibonyeza, na shemeji akanigeukia akanitolea ngumi ya utani, kisha akasimama, mikono imeshuka, akapumua mara tatu ndefu mbele ya watu wote bila kumficha yeyote.

Mbao ya nne akaisukuma. Meno yakaiuma, unga ukaruka, feni ikaunyonya. Macho yangu yalikuwa mgongoni kwake na mkono wangu juu ya kitufe, mwepesi. Mabega yake yakapanda. Yakashuka. Yakapanda tena, na mbao ikapita hadi mwisho.